Tazama Kwenye Maungio

Oakham ni mji wa mkoa mdogo wa Rutland, katikati ya Uingereza. Pale barabara inapokata reli pana kibanda cha ishara cha mbao kilichojengwa mwaka 1899, chenye ngazi ya nje na madirisha yaliyokizunguka chumba cha juu ili mshika ishara aone treni zikitokea kila upande. Kibanda chenyewe ni cha kawaida. Kilichokipa jina ni kwamba Airfix, kampuni ya modeli za plastiki, ilikichukua kikawa mfano wa seti yake ya kibanda cha ishara, na baadaye kalibu hizo zikaenda kwa Dapol. Kwa hiyo vipande vilevile vimepita mikononi mwa wajenzi wengi mno, kwa miaka mingi.

Ndiyo maana mtu akiniomba nimfundishe kutathmini kazi ya reli za modeli, humwanzisha na kibanda hicho. Kwenye maonyesho ya mwisho wa wiki, katika kumbi za shule na za makanisa, hukosi kuviona vitatu vinne siku moja. Seti moja, gundi moja, lakini kimoja kinakufanya uiname uchungulie kama kuna mtu ndani, na cha pili ni plastiki iliyopakwa rangi. Tofauti hiyo haitoki kiwandani. Wala haitokani na wingi wa mapambo, ingawa wageni wengi huhesabu ndoo na mapipa na paka waliobandikwa wakadhani hapo ndipo ulipo ufundi. Ufundi unakaa kwenye maungio: ukuta unapokutana na ukuta, dirisha linapoingia kwenye tofali, paa linapotokeza nje ya ukuta, jengo linapogusa ardhi.

Jicho hilo sikulipata Uingereza. Marehemu mjomba wangu alikuwa mwashi Tanga, na akipita penye nyumba mpya hakusimama mbele ya ukuta kuutazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akafumba jicho moja, akapandisha macho kutoka msingi hadi lenta. "Ukuta kila mtu anajenga, mwanangu," aliniambia. "Fundi mtazame kwenye kona."

Vipimo kwanza, maana bila vipimo huwezi kumhukumu mtu. Wajenzi wengi wa Uingereza hutumia milimita 4 kwa kila futi, yaani 1 kwa 76. Mtu mzima anakuwa na kimo cha milimita 23, na mlango wa mita 2 unakuwa milimita 26. Wengi huchagua reli ya kijijini badala ya mjini. Sababu moja ni nafasi: stesheni ya tawi ina jukwaa moja, banda la mizigo na tangi la maji, na treni ya mabehewa mawili pale ni treni kamili. Sababu ya pili ni majonzi. Ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963 kuhusu reli za Uingereza ilipendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na njia zenye urefu wa kilomita 8,000 hivi, na matawi ya vijijini ndiyo yaliyoumia zaidi. Wazee ninaowakuta kwenye maonyesho wanajenga stesheni walizopandia treni utotoni, ambazo leo ni njia ya baiskeli au uwanja wa nyumba mpya. Kazi ya namna hiyo inastahili kona nzuri.

Basi tuanze na kona. Kwenye seti za plastiki kingo za kuta hukatwa mshazari wa nyuzi 45, ili kuta mbili zikikutana zifanye pembe mraba. Lakini plastiki ikitoka kwenye kalibu huja na ulimi mwembamba pembeni, na ule mshazari huwa unakaribia tu nyuzi 45. Mjenzi mwenye haraka hupaka gundi, hubana, hugeukia kazi nyingine. Gundi ikikauka utaona ufa mwembamba kama uzi umesimama kwenye kona nzima. Ufa wa nusu milimita kwa kipimo hiki ni karibu sentimita 4 kwenye nyumba halisi: ungeweza kupenyeza vidole ukawasalimu waliomo ndani. Mjenzi makini huvikutanisha vipande vikavu mbele ya taa. Mwanga ukipenya, anarudi kwenye msasa aliougandisha juu ya kioo au ubao ulionyooka, anasugua mara mbili tatu, anajaribu tena. Akiridhika, huweka kijiti cha plastiki cha mraba ndani ya kona kuishika, kwa sababu kuta nyembamba hupinda kadiri miaka inavyokwenda, hasa zikinyweshwa gundi nyingi.

Kona ikishafunga, hesabu kozi, yaani safu za matofali. Tofali la Kiingereza pamoja na mota yake lina kimo cha milimita 75, kwa hiyo kozi moja kwenye modeli ni milimita 1. Ifuate kozi moja kwa jicho kutoka ukuta wa mbele, izunguke nayo kona. Ikitua katikati ya tofali la ukuta wa pili, mjenzi hakutazama. Kisha angalia matofali yenyewe yamepangwaje. Ukuta wa zamani wa Uingereza ulikuwa na unene wa inchi 9, tofali moja zima, na ili usigawanyike mwashi alichanganya matofali yaliyolala kwa urefu na mengine yaliyokingama, yakaonyesha kichwa nje. Kwenye mpango wa Kiflemi huonekana urefu, kichwa, urefu, kichwa, katika kozi hiyohiyo. Kwenye mpango wa Kiingereza kozi nzima ya urefu hufuatwa na kozi nzima ya vichwa. Ukuta unaoonyesha urefu peke yake ni wa zama za baadaye, kuta mbili nyembamba zenye uwazi katikati. Ukiukuta kwenye nyumba ya mkuu wa stesheni inayodaiwa kuwa ya mwaka 1880, usidanganyike na uzuri wa rangi.

Na kwenye kona yenyewe, tofali lililoonyesha urefu upande huu lazima lionyeshe kichwa upande wa pili. Kalibu nyingi haziwezi kutoa hilo kwenye ukingo wa mshazari, kwa hiyo kona hutoka laini kama imepigwa lipu. Nilimtazama mjenzi mmoja jioni moja akilirekebisha. Alikuwa na sindano ya kushonea aliyoichomeka kwenye kijiti, na rula fupi ya chuma iliyofungwa pembeni ya ukuta isisogee. Kwa kila kozi alivuta sindano kidogo, kama anayefuta kamasi ya mtoto mchanga, kisha akapuliza unga. Nyumba ya kimo cha mita 4.5 ina kozi 60, na kona nne ni mikwaruzo 240, ukihesabu upande mmoja tu wa kila kona. Alifanya kona moja kwa usiku mmoja kisha akaacha, kwa sababu mkono ukichoka mstari hupinda, na mstari ukishapinda kwenye plastiki haurudi. Ilipopakwa rangi sikuweza kabisa kuona vipande vilikutana wapi.

Seti za kadi ngumu, kama zile za Metcalfe, zina mtihani wake. Matofali yamechapishwa, rangi zimepangwa vizuri, na kazi huenda haraka. Lakini kadi ikikatwa ndani ni nyeupe au ya kijivu, na kila ukingo unaoonekana hupiga kelele. Banda langu la kwanza la mizigo lilikuwa la kadi. Nililimaliza kwa siku mbili, nikaliweka dirishani kwa fahari, na asubuhi jua lilipolipiga nikaona mistari myeupe imezunguka kila mlango na kila kona, kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Niliumia kweli. Dawa yake ni ndogo sana: penseli ya rangi au rangi ya maji kwenye ukingo kabla ya gundi. Hadi leo nikishika jengo la kadi, ukingo wa mlango ndio ninaoutazama kwanza.

Madirisha nayo yanasema mengi. Dirisha halisi limerudi ndani ya ukuta, mara nyingi kwa nusu ya tofali, ambayo ni milimita 1.5 kwenye modeli. Kivuli chembamba kinachoanguka juu ya kioo kutokana na kurudi huko ndicho kinacholiambia jicho kwamba ukuta huu ni mzito. Seti nyingi huliacha dirisha karibu sawa na uso wa ukuta, na jengo zima linaonekana ni gamba. Mjenzi anayejua huongeza plastiki nyuma ya ukuta kuzunguka tundu, kisha dirisha hulibandika nyuma ya hiyo. Vigawa kioo ni jambo gumu zaidi: mbao za milimita 25 zinakuwa theluthi moja ya milimita, na plastiki ya kalibu mara nyingi ni nene mara mbili ya hapo. Ukiviona vimekwanguliwa vikawa vyembamba, au vimechorwa kwa wino mweupe kwenye kioo, mpe mjenzi heshima yake. Alama ya kidole cha gundi kwenye kioo haina msamaha.

Sasa paa, na hapa naomba utulie nami kidogo.

Paa la seti ya plastiki huwa na unene wa milimita 1.5 au 2. Zidisha kwa 76: ni sentimita 11 hadi 15, unene wa zege, wakati kigae cha jiwe jeusi cha Wales kina unene wa milimita chache tu. Kwa hiyo usilitazame paa kutoka juu. Inama, litazame kwenye ukingo wa chini, pale linapotokeza nje ya ukuta. Mjenzi aliyeligundua tatizo hili hulisugua paa kwa upande wa chini, mshazari, hadi ukingo unaoonekana uwe mwembamba kama karatasi, na unene wote ufichike nyuma. Wengine huacha kabisa paa la seti wakakata vigae vya karatasi, kimoja kimoja au kwa vipande virefu vilivyochanwa meno, wakavipanga kozi juu ya kozi kuanzia chini, kama fundi wa kweli anavyoezeka. Karatasi ya kawaida ya ofisini ina unene wa milimita 0.1, na hakuna plastiki ya kalibu inayoshindana nayo. Paa la namna hiyo likiangaziwa kwa pembeni, kila kigae kinashika mwanga wake.

Ukitaka kuona kilele cha kazi hii, nenda Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, Oxfordshire. Jumba hilo la makumbusho lilianzishwa mwaka 1954 na Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925 akalipenda bonde la White Horse, kisha akaona nyumba zake za nyasi zikibomolewa na kubadilishwa. Akaamua kulihifadhi bonde kwa kadi na rangi. Yeye na waliomfuata walikwenda kupima nyumba zenyewe, wakazijenga kwa kipimo cha 1 kwa 76. Mapaa ya nyasi pale yanatazamika kama yameezekwa, kwa sababu nyuzi zimelazwa kwa mafungu kutoka chini kwenda juu, zikakatwa kwenye ukingo. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya makuti atatambua papo hapo: ezeko hujulikana kwenye upindo, mahali maji yanapodondokea, siyo mgongoni. Humohumo Pendon pamehifadhiwa Madder Valley, kazi ya John Ahern, mmoja wa waliotangulia kuonyesha kwamba mandhari yana haki sawa na treni. Majengo yake yana umri mkubwa na mbinu zimesonga mbele tangu hapo, lakini yalivyokaa pamoja kwenye mtaa, hiki kikiegemea kile, bado sijaona wengi waliomfikia.

Mabati ni furaha yangu ya pekee. Reli ya Great Western iliweka kwenye vituo vyake vidogo vibanda vya mabati vyenye paa lililobinuka, ambavyo watu huviita pagoda, na seti zake zipo. Bati la kawaida lina wimbi la inchi 3, na inchi 3 ni milimita 76, kwa hiyo kwenye modeli wimbi moja ni milimita 1 kamili. Chukua rula uhesabu. Kisha tafuta mahali bati moja linapolalia jingine. Bati halisi halina urefu wa jengo zima. Lina mwisho, lina mlalio, lina mstari wa misumari, na kutu huanzia palepale kwenye mlalio na kwenye tundu la msumari, maana maji hukaa hapo. Kutu iliyopakwa katikati ya bati bila sababu ni mapambo. Msomaji wa kwetu hahitaji kufundishwa hili. Ametazama mabati yakizeeka maisha yake yote, na kwa hili jicho lake ni kali kuliko la waamuzi wengi wa maonyesho.

Kuhusu rangi nina msimamo mmoja: ing'ae tu pale palipo na kioo au maji. Jengo dogo linalong'aa hurudi kuwa kitu cha kuchezea hata kama kozi zake zote zimenyooka. Tofali zuri huanza na rangi ya msingi, kisha matofali machache hapa na pale huguswa kwa rangi iliyokoza au iliyofifia, na mwishoni rangi nyepesi ya mota, iliyozimuliwa sana, humwagwa juu ya ukuta wote ikafutwa kwa kitambaa ili ibaki kwenye mifereji. Mota halisi ya milimita 10 inakuwa milimita 0.13 tu. Ukiona gridi nyeupe iliyokolea kama daftari la hesabu, mfutaji aliacha mapema. Uchafu nao uwe na chanzo. Masizi hutoka kwenye dohani, kwa hiyo yawe juu na upande upepo unakopeleka moshi. Unyevu uwe chini ya gata iliyovuja. Kuvu huota kwenye kivuli. Matone ya mvua huruka kutoka ardhini na kuchafua kozi tatu nne za chini, na mjenzi aliyekumbuka matone hayo amewahi kutazama nyumba wakati wa mvua.

Hapo tumeshafika kwenye ungio kubwa kuliko yote, jengo na ardhi. Ninajua majengo mazuri sana yaliyouawa hapa. Yamewekwa juu ya nyasi kama sahani juu ya meza, na chini yake pana kivuli cheusi cha milimita 1 kinachotangaza kwamba unaweza kuliinua. Msingi lazima uzame. Mjenzi huuongezea ukuta milimita 3 au 4 chini, hukata shimo kwenye ubao wa mandhari, hulishusha jengo humo, kisha hujaza udongo na changarawe hadi ukutani. Nyasi za kusimamisha kwa umeme, nyuzi za nailoni za milimita 2, 4 na 6, zimeboresha kazi hii mno, ila watu huzitumia kama zulia. Mlangoni nyasi hufa kwa kukanyagwa. Chini ya ukuta hurefuka kwa sababu panga halifiki.

Miti ipime kwa rula, nitaridhika ukinisikiliza kwa hilo tu. Mwaloni wa mita 20 ni milimita 263, zaidi ya kimo cha nyumba mbili zilizopandana. Karibu kila mandhari ninayoyaona yana miti ya milimita 100, vichaka vilivyopewa shina. Na kama mjenzi ameandika kwamba mandhari yake ni ya miaka ya 1930, tafuta miti ya elmi kwenye mipaka ya mashamba. Maradhi ya ukungu yaliyoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliua zaidi ya milioni 25 ya miti hiyo Uingereza, kwa hiyo kijana asiyewahi kuiona husahau kuipanda.

Njia ya reli sitakaa nayo sana. Wengi hutumia upana wa milimita 16.5, ambao kwa kipimo hiki ni mwembamba mno. Sahihi ni milimita 18.83, na wapo wanaojenga hivyo kwa mkono. Mimi simhukumu mtu kwa upana. Namhukumu kwa ubavu wa reli kama umepakwa rangi ya kutu, na kwa kokoto kama zimetulia kati ya mataruma bila kuyapanda.

Nyumbani sasa nimeanza kituo kidogo cha reli ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1893. Reli yetu ni ya mita moja, kwa hiyo kwa 1 kwa 76 ni milimita 13 na kidogo, na hakuna dukani. Mataruma nakata mwenyewe. Jengo ni la mabati, na upindo wake nimeshaurudia mara tatu.

Kwa anayenunua kazi iliyokwisha kujengwa, ushauri wangu ni kuomba ruhusa ya kuligeuza jengo chini juu. Mwezi uliopita nilikuta kibanda cha Oakham kwenye meza ya vitu vilivyotumika, kimefunikwa na vumbi, ngazi moja imevunjika. Nilikigeuza. Ndani kuta zilikuwa zimepakwa nyeusi ili mwanga usipenye kwenye plastiki, kila kona ilikuwa na kijiti chake cha mraba, na paa lilikuwa limesuguliwa kwa chini hadi ukingo ukawa mwembamba kama ukucha. Nilipunguza sauti, nikauliza bei, nikalipa alichotaja. Ngazi nitaitengeneza.